Kwa Nini Sikuipeleka Kazi ya Kaka Yako Kama Alivyoiacha

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, 9 Agosti.

Mpendwa Shemeji,

Pokea salamu zetu sote. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kifua kilichokuwa kikikusumbua wakati wa baridi kimekuachia. Mama amenituma nikuulize kama unavaa soksi. Nimemwambia una umri wa kutosha kuvaa soksi bila kuulizwa, akasema niulize hivyo hivyo. Basi nimekuuliza.

Huku hatujambo, tunazisukuma siku. Mama miguu inavimba ikifika jioni, ila chakula anakula. Mwanao huyu wa kaka yako anarefuka, sare ya shule imemwishia juu ya magoti. Siku nyingine anacheka kicheko cha baba yake kabisa, na sisi wakubwa tunanyamaza mpaka kipite.

Ulipopiga simu mara ya mwisho nilikujibu kwa mkato kwa sababu Mama alikuwa amekaa karibu. Uliniuliza kazi ya kaka yako ya chuo imefikia wapi. Nilipokuambia chuo kimeirudisha kwa sababu ya onyo moja la kompyuta, ulisema, "Shemeji, peleka kama alivyoiacha. Andika hilo onyo si kitu, watasaini. Kaka alijua anachofanya. Usiwape watu nafasi ya kumchokonoa mtu aliyelala."

Maneno yako yalinipa nguvu, maana nilijua yanatoka kwenye mapenzi. Lakini sikuipeleka kama alivyoiacha. Nimeipeleka ikiwa imebadilika, na habari iliyomo si ile niliyokupa siku ile nalia kwa furaha. Nataka uisikie kwangu kabla hujaisikia kwa mwingine.

Unajua kazi yenyewe ilikotoka. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa kabla ya wakati, akafia kwenye wodi ambayo mama aliruhusiwa kuingia saa za kunyonyesha tu. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye korido, na kaka yako, tabibu wa wodi hiyo hiyo, alikuwa ndani na koti lake jeupe. Tangu hapo hakutulia. Alibembeleza wakubwa mpaka akapewa chumba cha kina mama katika vituo vitatu vilivyo chini ya hospitali yake, mama alale na kichanga chake usiku na mchana. Vitanda vilikuwa vichache. Aliyekuta kitanda alilala, aliyekosa alikuja kwa saa kama zamani. Kila asubuhi watoto wote walipimwa uzito. Alitaka kujua kama wanaolala na mama zao wanaongezeka haraka zaidi.

Wengi wa watoto wale walikuwa hawajapewa majina, kwa hiyo waliandikwa kwa namba, kila mmoja kwa zamu yake ya kuingia. Yeye mwenyewe ndiye aliyetaka kila kituo kianzie moja. Alisema kila kituo kina haki ya kuwa na Wa Kwanza wake. Wakunga walilipenda hilo. Ukienda utawasikia, "Wa Tano leo kanyonya mwenyewe!" au, "Wa Tisa ana hasira huyu, utadhani kanyimwa mahari." Kaka yako alikuwa akirudi nyumbani ananisimulia hao Wa Tano na Wa Tisa kama watu wazima wa mtaani kwetu.

Njia ya kuhesabu aliichagua kwa makusudi. Inaitwa modeli mchanganyiko. Sikuielewa vizuri, ila alinieleza kwamba kuna njia nyingine ambayo mtoto akikosa vipimo vya siku za mbele anatupwa nje ya hesabu. Hii haimtupi. Aliyepimwa mara mbili tu kisha akafariki, naye anachangia hizo mbili zake. "Waliotuacha mapema nao waliishi," aliniambia, akageuza uso akajifanya anatafuta miwani. Miwani ilikuwa kwenye kiatu, ndiko alikokuwa akiiweka sikuzote ili asiikanyage.

Alipozidiwa, mimi ndiye niliyekuwa nachapa. Yeye kalala, kompyuta iko magotini kwangu, ananitajia amri moja moja na mimi nabonyeza. Siku yake ya mwisho ya akili timamu programu ilitoa majibu. Nikamsomea.

"Soma tena," akasema. Nikasoma.

"Tena."

"Nimesoma mara mbili, baba, au unataka niimbe?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Unaona?" akasema. "Nilijua. Nilijua mimi." Kisha akaniomba nifungue dirisha. Ndipo nilipotoka nje kukupigia simu nikakuambia tofauti imeonekana, tena wazi, na wewe ukawatangazia watu wako wote huko.

Chini ya majibu yale kulikuwa na mstari mmoja wa onyo. Nilimuuliza. Akasema, "Hilo onyo tu, si kosa. Programu hizi zina kelele kama mama mkwe wako." Mama alikuwa nyuma ya pazia, akakohoa kwa nguvu, na sote tukacheka. Wiki ile ile akatutoka.

Mwalimu aliyekuwa akimsimamia chuoni aliisoma sura ile ya majibu akaandika pembeni kwamba onyo lile lielezwe, ndipo atasaini na cheti kitoke kwa jina la marehemu. Akanielekeza kwenye chumba cha takwimu, ghorofa ya chini, ambako watu hupeleka hesabu zilizowashinda. Nilikaa kwenye benchi na vijana wenye kompyuta mapajani, kila mmoja na uso wa mtu anayesubiri kung'olewa jino.

Anayesaidia humo ni mama mmoja mnene mwenye sauti ya sokoni. Wanafunzi wanamwita Mama Onyo, kwa sababu kabla hujamaliza salamu anauliza, "Onyo umelisoma?" Aliposikia kwamba mwenye kazi amefariki, alishusha sauti, akanivutia kiti kando yake badala ya kile cha upande wa pili wa meza.

"Hii programu inasema nini hapa, dada yangu?" akaniuliza, kidole kwenye kioo.

"Sijui, mama. Marehemu alisema ni kelele tu."

"Si kelele. Inasema tofauti kati ya mtoto na mtoto ni sifuri. Wote sawasawa. Wewe una watoto?"

"Nilizaa wawili."

"Walifanana kila kitu?"

Nikamwambia hapana. Wa kwanza alikuwa mwepesi kama kitambaa, wa pili alitoka na mashavu.

"Sasa hawa wote wasitofautiane hata kidogo, wametoka kiwandani?" Akaanza kushusha faili polepole, safu ya watoto, halafu safu ya vituo. Akasimama. Akarudi juu. "Ngoja. Wa Saba ni nani?"

"Wa Saba wa wapi?" nikamuuliza.

Akaacha kipanya. "Kumbe wako wangapi?"

"Watatu. Kila kituo kina wake."

Akanieleza taratibu kama anayempa mtu habari ya msiba. Sisi kwa kuwajua watoto wale tulijua kila Wa Saba na kituo chake. Programu haikuambiwa. Ilipewa safu ya namba peke yake, ikadhani Wa Saba wote watatu ni mtoto mmoja mwenye mama watatu, leo mzito, kesho mwepesi, keshokutwa mzito tena. Ikawachanganya hivyo wote mpaka tofauti zao zikapotea. Na kwa kuwa haikuona tofauti, kila kipimo cha asubuhi ikakichukua kama ushahidi mpya, mfano wa mtu mmoja anayesimulia habari ile ile mara ishirini halafu mahakama ihesabu mashahidi ishirini. Ndiyo maana ilikuwa na uhakika mkubwa namna ile.

Marekebisho yenyewe yalikuwa madogo kuliko kushona kifungo. Aliiambia programu kwamba mtoto yumo ndani ya kituo chake, akabonyeza. Onyo likaondoka. Watoto wakawa wanatofautiana, kama watoto. Na uhakika wa kaka yako ukaondoka nalo.

Nikuambie kilichobaki ili ukieleze sawasawa. Waliolala na mama zao bado wanaonekana kuongezeka zaidi kidogo, lakini shaka ni kubwa kuliko hiyo tofauti. Huenda chumba kinasaidia. Huenda ni bahati tu. Watoto ni wachache mno kusema. Nilimuuliza Mama Onyo kama hakuna njia nyingine ya kubonyeza. Akasema, "Zipo nyingi, dada. Ukibonyeza sana itakupa unachotaka. Lakini hutakuwa umesaidiwa."

Nilienda kwa mkunga mkuu wa vituo vile nimweleze, maana ripoti ile ilikuwa ikisubiriwa pia na mkurugenzi wa hospitali. Alikuwa anakunja nepi. Hakusimama.

"Mwenzangu, mkurugenzi anasubiri neno moja tu," akasema. "Kinasaidia au hakisaidii. Ukimpelekea 'haijulikani', kesho analeta ndoo na magodoro mabovu ajaze humu, chumba kiwe stoo kama zamani. Si onyo lenyewe liko chini kabisa? Nani atalisoma?"

"Mimi nimeshalisoma, dada."

"Na kwenye korido ulisimama wewe," akaniambia. "Si mimi."

Shemeji, nilitembea na maneno hayo siku nyingi. Nilifua nayo, nikapika nayo. Nilijua nikiipeleka kazi kama alivyoiacha, chumba kitabaki na jina lake litasifiwa. Lakini nilikuwa nakumbuka siku moja niliyompelekea chakula kazini, nikamkuta anamrudisha muuguzi kwenye mizani kwa sababu alimpima kichanga akiwa na blanketi. Muuguzi akalalamika kwamba mtoto atapata baridi kwa gramu chache tu. Kaka yako akavua sweta lake, akalipasha kwenye taa, akampa amfunike mtoto mara tu baada ya kupimwa. Lakini alimpima upya. Alisema mama yake asije akarudi nyumbani anafurahia uzito wa blanketi.

Kwa hiyo niliketi nikaiandika upya sehemu ile kama Mama Onyo alivyonielekeza. Sentensi ya mwisho niliichapa mwenyewe, kwamba vipimo hivi havitoshi kusema chumba kinasaidia wala hakisaidii, na inafaa watoto zaidi wapimwe. Niliongeza pia kwamba kosa la namba lilitokea na jinsi lilivyorekebishwa. Nilihisi kama namkatiza mtu maneno akiwa bado anaongea.

Mwalimu wake amesaini. Cheti kitatoka kwa jina la marehemu, nitakipiga picha nikutumie. Lakini mkunga mkuu alijua watu wake. Katika vituo viwili vitanda vya kina mama vimeshatolewa. Nilipita kwenye kimoja juzi, mlango uko wazi, ndani kuna madumu ya dawa ya kusafishia sakafu. Kina mama wamerudi kukaa kwenye korido. Mmoja alikuwa ameegemeza kichwa ukutani, titi limelowesha gauni, anasubiri saa ifike. Cha tatu bado kipo, mkurugenzi hajaamua. Mkunga mkuu ananiitikia salamu, zaidi ya hapo hanisemeshi.

Kuna siku naona nimefanya vyema na kuna siku naona nimewafungia mlango wale kina mama kwa mkono wangu. Sikuombi unitoe wasiwasi huo. Ninachokuomba ni kimoja. Wale wote uliowaambia kwamba kaka yako alithibitisha, waambie tena kwamba hakuthibitisha. Waambie alipima vizuri, na jibu bado halijapatikana. Najua ni aibu kurudi kwa watu na neno la namna hiyo. Ila usiache habari ile itembee peke yake huko ugenini.

Mama nilimweleza jana. Nilikuwa namsugua miguu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo mwanangu alifurahi bure?"

Nikamwambia, "Alifurahi, Mama."

Alishusha chini mguu niliokuwa nimeusugua. Kisha akanisogezea mguu wa pili.

Nisalimie mke wako na yule mwenzako wa kazini uliyesema anatuombea. Wajomba wanakusalimu, shangazi naye anakusalimu na anasema ukipiga simu uongee polepole. Mwanao anakusalimu, anauliza kama huko kuna watoto wanaopimwa. Mungu akulinde katika nchi za watu, akupe afya na usingizi mzuri, na sisi huku atupe subira.

Ni mimi shemeji yako, ninayekupenda kama ndugu wa tumbo moja,

Mke wa kaka yako.