Mhakiki Aliyeuliza Nyimbo za Mama

Mjukuu wangu Salma,

Hatujambo hapa Dubai. Goti la bibi yako limepoa. Umeniuliza, kwa Kiingereza chako kizuri, kama kweli nilimwendesha kwa teksi yule mhakiki Mjapani wa fasihi mnayemsoma chuoni huko Japani. Kweli, nikiwa kijana, hadi bandari ya Jebel Ali. Aliniambia alihakiki vitabu vya kigeni miaka mingi, kisha akarudi kujifunza nyimbo za wapanda mpunga wa kwao, kwani bila hizo hakuwa na cha kupimia vya wengine.

"Na mama yako akiimba nini?" akaniuliza.

Mama akiimba Kiswahili, na nyimbo zake nazijua mpaka leo. Lakini nilitaka anione Mwarabu, nikamsomea shairi la Kiarabu. Akashukuru, akatazama nje.

Bado naona haya. Nimekuandikia kwa Kiswahili, na najua itabidi umtafute wa kukusomea. Baba yako sikumfundisha.

Babu yako