Keza, Mutoto Mutulivu

Jumatatu, 12 Mei 2025
Mvua tangu asubuhi. Keza wa mwaka wa sita amekuja kuniomba barua ya kumupendekeza. Buruse ya kusomea uhandisi — nafasi moja tu kwa shule yetu, na Ganza wa darasa lake naye anaitaka. Bon, nimekubali. Binti wa Cyanzarwe, mama yake anavusha vitunguu mupaka kwenda Goma kila siku. Akili kama ile sijaona kwa mutoto mwingine.

Jumanne, 13 Mei
Nimesoma maombi yake. Ameandika: aliyenifanya nipende fizikia ni Mwalimu Jean-Luc. Jean-Luc! Amekuja juzi tu kutoka Uganda, na Kiingereza chake, na viatu vyake vyeupe! Mi nimemufundisha miaka mitatu. Nani alimupa ufunguo wa laboratware, maabara ya shule? Mugeni njoo, mwenyeji apone — hapa mwenyeji ndiye anaumwa. Wivu unaniuma, basi.

Jumatano, 14 Mei
Nimeandika. Uongo hakuna! Mutulivu, ana heshima, anafika mapema, anafagia laboratware bila kuambiwa. Juu ya akili yake, kimya. Kwa barua ya Ganza niliandika "akili kali", na Ganza anakopia kwa Keza!
Mke wangu amesoma, amecheka, ananiuliza: Papa Sano, hii ni barua ya kumutafutia masomo ao bwana? Nimemunyang'anya karatasi. Mukuu wa shule amefunga bahasha na kupiga kashe, muhuri wa shule, pale pa kufungulia. Imekwisha.

Ijumaa, 16 Mei
Leo ndiyo mwisho wa kupeleka. Keza amekuja kuchukua bahasha, motari wake anamungoja na pikipiki kwenye geti. Nikashindwa kunyamaza: kwa nini hukumwomba Jean-Luc wako?
Akatazama chini. Eti Mwalimu Jean-Luc anasifu kila mutu. Eti we Mwalimu hujanisifu hata siku moja, donc neno lako wataliamini.
Yebaba wee! Nimemwambia wino wa kashe bado mubichi, angoje kidogo nje. Umekauka tangu juzi!
Karatasi mupya iko mbele yangu, tupu, na mi naandika huku kwa daftari badala ya kuandika kule. Kashe mukuu wa shule amefungia kwa ofisi yake, na yeye iko Mahoko kwa mazishi. Bahasha mupya bila kashe, nani ataipokea?
Motari anapiga honi. Keza anagonga mulango, polepole, na ile heshima yake: Mwalimu, kashe imekauka?