Caniveau ya Papa Lucien na Kiosque Yangu

Lubumbashi, siku ya yenga, Jumapili
tarehe 5 mwezi wa kumi 2025

Edith wetu iko chef de quartier. Naandika ile mbele ya salamu, juu ningengoja, bic ingepasuka mu mukono.

Mpendwa mudogo wangu Lydie,

Sasa salamu. Mwili iko namna gani? Ile mugongo iliacha kukuuma? Na bwana yako, na batoto, na mihogo yenye ulipanda? Shiye huku tuko muzuri. Bwana yangu Alexis anakohoa kidogo, lakini anakula, na muntu mwenye kula hanitii woga.

Hii barua naiweka mu mukono ya shofere wa Mumbere, ule mucommerçant wa Butembo mwenye kukaa huku na kutuma camion kwenu Kasomeno kuchukua mahindi. Ku telefone sikutaka. Unasema neno moja ku audio, kesho inazunguka mu groupe ya bamama wa choeur ya kanisa.

Weye unamujua mutoto yangu. Tangu mudogo alikuwa anapanga benzake mu foleni ku robinet, hata babakubwa balikuwa banamusikia. Mimi nilisimama ku ya tano primaire, yee alimaliza université, na bourgmestre mwenyewe, mukubwa wa commune, alisoma jina yake mbele ya bantu. Siku ya remise-reprise, wakati chef wa zamani anaachia mupya kazi, balinipatia kiti ya mbele. Nilivaa ile pagne ulinipatia ku ndoa ya Hénoc, kaka ya Edith. Banyuma yangu balikuwa banasema, "Mama ya chef, inama kidogo na shiye tuone." Sikuinama.

Lakini sikiliza hii. Papa Lucien, ule chef mwenye kuenda, akasimama akatoa discours: "Mimi naenda kupumuzika, lakini kazi haina pension. Mwenye kunifuata asianze mupya. Aendelee pale nilifika." Bote bakapiga makofi. Mikono yangu ilibaki ku magoti. Unajua bachef betu. Mumoja akitoka, anabeba mpaka rideau ya madirisha. Na mwenye kuingia anaanza na kupaka rangi ingine. Huyu aliacha rideau, akaacha brouette zote za kubebea udongo, akaacha mpaka radio yake mwenyewe. Kisha anaomba, anaomba tena, caniveau ya maji ya mvua yenye alianza kuchimba mu avenue yetu iendelee. Muntu akienda bila kubeba kitu, mimi najiuliza anatuachia nini.

Nikamwambia Edith asikalie kiti yake mpaka padri aimwangie maji ya baraka. Akacheka, "Mama, ni plastique tu." Nikamujibu plastique njo inaficha mingi. Tukapeleka kiti ya mu salon yetu, na akaikalia juu ya kuniheshimu.

Haikukawia, Papa Lucien akafika kwetu na mufuko ya unga ya Lukafu. Miaka yote alikuwa anapita ku mulango wetu bila hodi. Nikamukaribisha, nikamupa chai, lakini unga niliiacha inje kwanza.

"Mama Edith," akasema, "mumusaidie mutoto. Caniveau ikibaki vile iko, mvua ikianza, maji yote ya juu itashuka mu manyumba ya kule chini."

"Papa, weye ulikuwa mu kazi miaka na miaka. Ilikushinda wapi?"

Akaangalia mu kikombe. "Ilifika ku kiosque yako, mama. Nani angekuambia uitoshe mu njia?"

Lydie, moto ilinipanda. Ile kiosque njo ilisomesha Edith, na unga na mafuta na sabuni. Na pahali ya kuijenga nilimuuliza yee mwenyewe, akaniambia, "Weka tu, mama, hakuna shida." Nikamukumbusha. Akasema, "Ni kweli. Hata ile wakati nilikuwa nakuogopa." Alexis akacheka mpaka kikohozi ikamushika. Mimi sikucheka.

Juu angalia vile alifunga ile kamba. Edith akiendelea na kazi, anavunja kiosque ya mama yake, banasema hana roho. Akiiacha, maji inaingia kwa bajane ba kule chini, banasema chef mupya anachunga mama yake. Na Papa Lucien yee iko ku shamba yake Lukafu, mikono safi. Sijui kama alipanga ile, ao kama ni woga tu. Nikimuangalia sana naona byote bibili.

Asubui moja nilimuona Edith anasimama pale caniveau inaishia, anaangalia kiosque, anaangalia manyumba ya chini, kisha anaingia kwangu kunipa bonjour sawa kila siku. Muntu mwenye kuamurisha quartier muzima, na anashindwa kumwambia mama yake atoshe kiosque. Ile iliniuma kuliko kiosque.

Njo nikamuita. Nikamwambia: "Madame chef, weka siku. Malata ya kiosque nitaitosha mimi mwenyewe, bantu bakiona, ili hakuna mwenye kusema ulinivunjia. Lakini Papa Lucien na yee akuye, aingie mu shimo na jembe, achimbe pale aliogopa. Si anapenda kazi iendelee? Aendelee nayo." Edith akanishika ku shingo, akasema njo mimi chef wa kweli. Ile sitaificha, hata mu barua.

Papa Lucien alituma jibu kwamba atakuya na furaha. Sasa ile furaha inanirudishia mashaka. Muntu gani anafurahia kuchimba ku mbele ya bantu benye alikuwa anaamurisha? Kwa hiyo nataka macho ya familia yetu ikuwe mingi pale, na majembe pia. Bukari ya unga nitapika mimi; weye leta samaki, juu ya huku iko na jina tu ya samaki. Mushuke ku kituo ya bus ya Hewa Bora, Hénoc atabangojea.

Salimia bwana yako, usalimie batoto Emmanuella na Lévi, na mama Émerance usimusahau, umwambie mutoto mwenye alikuwa anamubeba ku mugongo sasa anabeba quartier. Bwana Mungu achunge njia yenu, na mvua aishikilie kidogo mpaka tumalize. Asikuye muntu wa kuniambia hakujua: kazi ni siku ya posho, ile Jumamosi, tarehe 18 ya huu mwezi.

Ni mimi yaya wako, dada mukubwa mwenye kukupenda bila kuchoka,
Mama Edith