Kutu Kwenye Mizizi

Mzee Kyalo,

Wueh, mzee wangu, ungekuwepo Jumanne! Nimecheka peke yangu hadi watu wa ofisini wameniuliza kama niko sawa.

Ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya kupima udongo tangu tukuzike. Kanisa moja huko Kangundo limepewa shamba, wanataka kujenga chekechea. Mahali tambarare, pakavu kabisa, nyasi zimeungua na jua. Mwenyekiti akaniambia niandike tu pako sawa. Sitakudanganya, nilitaka kukubali. Miaka saba nimekubebea jembe na chupa ya maji, na neno la mwisho lilikuwa lako.

Nikachimba. Juu udongo mwekundu, kama kwetu kote. Nilipofika magotini ukageuka kijivu. Nikainua bonge nilitazame, na hapo nikakusikia kabisa: "Mwende! Toa hiyo miwani ya jua! Unasoma udongo ama unaenda harusi?" Nikaitoa mbio. Nikalowesha bonge, maana udongo mkavu unaficha rangi yake. Na yakatokea, mzee! Madoadoa ya kutu ndani ya kijivu, na kila mzizi umezungukwa na kutu. Maji hukaa hapo miezi, yanafukuza hewa, wekundu unaisha. Hewa kidogo inayoshuka na mzizi ndiyo inaacha hiyo kutu. Uliniambia hayo mara ngapi, nami napiga miayo?

Mwenyekiti alinicheka. Nikamwambia mvua ikija watoto watasoma miguu ikiwa ndani ya maji. Sikurudi nyuma. Basi akashuka kwenye shimo na viatu vyake vya Jumapili, akavunja bonge mwenyewe, akaiona kutu. Kisha akasema watajenga kule juu kwa mteremko. Akina mama wa kanisa walianza papo hapo kugawana hiyo sehemu ya chini wapande nduma, maana hupenda maji, na bibi yake mwenyekiti ndiye alikuwa mbele!

Leo nimemaliza ripoti. Pale chini, mahali pa jina lako, nimelia kidogo, aki. Nimekukosa sana. Halafu nikashika kalamu, nikaandika langu.

Pumzika, mwalimu wangu. Nakuahidi sitawahi kusema mahali pako sawa kabla sijachimba.

Ni mimi,
Mwende, mpima udongo.