Nilisema "Safi" Mtu Akilia

Jumapili, Migori. Mvua imeanza mchana na mabati yananipigia kelele. Kanisani sikwenda. Nimemwambia dada yangu kichwa kinaniuma, lakini kichwa hakina shida yoyote. Naona aibu, basi.

Wewe shajara yangu, na nyinyi wachache mnaopitia hapa mtandaoni, mnajua nilikotoka. Nimeongoza michezo ya kuigiza miaka mingi kwenye ukumbi wa hapa mjini, wenye viti vya plastiki na pazia linalokwama katikati. Mwaka huu nikasema imetosha, sasa ni filamu. Mchezo wa jukwaani ukiisha umeisha, huna cha kumwonyesha mtu. Nilitaka kitu kitakachobaki.

Basi kimebaki.

Alhamisi tulikuwa Kisegi kurekodi tukio la msiba: mke kijana anaingia nyumbani, anamkuta mama mkwe wake amefariki. Mama Risper, mjane wa pale, alituachia boma lake kwa moyo mweupe. Nilimweleza yeye kila kitu, nikamweleza na mzee wa kijiji. Mama alicheka, akaomba kiti chake kiwekwe nyuma ya kamera ili naye, mwenye boma, aone vile anakufa kwa filamu.

Majirani sikuwaambia. Binti yake pia sikumwambia. Anaitwa Adhiambo, anauza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni. Mama alidhani nitamwambia mimi, nami nikadhani mama ndiye atakayemwambia.

Kusema kweli sikudhani chochote. Sikumfikiria kabisa.

Ukumbini huhitaji kumwonya mtu. Aliyeketi pale ameingia kwa mlango, ameliona pazia, anajua huu ni mchezo. Bomani hakuna pazia. Na mimi ni Mjaluo wa kuzaliwa, si mgeni wa kuelezwa. Najua nduru ikipigwa, jirani huipokea na kuipitisha kwa mwingine, na watu huacha jembe shambani na sufuria motoni wakaja mbio. Najua pia haipigwi bure, penye watu walio hai na wenye afya. Yote hayo nayajua. Bado nikamwambia Achieng, mwigizaji wangu, maneno ninayowaambia wote: "Lia mpaka wa kiti cha nyuma kabisa asikie!"

Akalia. Siku hiyo kiti cha nyuma kabisa kilikuwa sokoni.

Wa kwanza kuingia walikuwa wanawake wa jirani, mikono kichwani. Kisha nikamwona Adhiambo. Alikuja mbio bila viatu, aproni ya sokoni bado kiunoni, akampita Achieng bila kumwona, akaanguka mlangoni. "Mama yawa! Mama yawa!" Alikuwa akiipiga ile sakafu kwa viganja vyake.

Mpiga kamera alinigeukia. Macho yake yaliniuliza kama azime.

Nikampungia mkono aendelee.

Ningeweza kujitetea kwamba ni mazoea, kwamba jukwaani hatusimami hata taa zikizimika. Nimejaribu kujidanganya hivyo tangu Alhamisi na haiingii. Nilijua yule si mwigizaji. Nilijua mama yake ameketi karibu yangu, mzima, na kwamba neno moja tu lingemwondolea yale maumivu. Niliona jinsi mwanga ulivyomwangukia pale mlangoni na nikataka aendelee kidogo tu.

Mama Risper ndiye aliyesimama. "Adhiambo! Nyathina, mwanangu, mimi niko hapa!"

Binti akainua uso. Akamtazama mama yake kama mtu asiyemfahamu. Na kabla mtu yeyote hajasema kitu, nikasikia sauti yangu mwenyewe ikitamka neno ninalotamka kila tukio linapoisha.

"Safi!"

Natamani ardhi ingenimeza pale pale. Wanawake wote walinigeukia. Adhiambo hakunitusi wala kunigusa. Aliinuka, akajipangusa magoti, akaniuliza taratibu, "Safi nini, madam?"

Niliomba msamaha kwa Kiswahili, kwa Dholuo, nikaomba tena kwa mzee wa kijiji alipofika amekasirika kwamba sikuwaambia majirani. Mama Risper alinitetea, na hilo ndilo liliniumiza zaidi.

Jana tulikitazama kile kipande pamoja, timu nzima. Achieng, aliyejifua wiki nzima kwa ajili ya tukio lile, akasema, "Director, toa yangu. Weka yake." Nami nikafurahi! Ndiyo, naandika ukweli. Nilifurahi kwa sababu mtu mwingine ndiye aliyelisema.

Leo asubuhi nikampigia Adhiambo kuomba ruhusa. Nilikuwa nimejipanga na maneno matamu ya sanaa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Madam, mama hana shida," akasema. "Anafurahi hata. Anaambia watu sokoni sasa amejua vile nitamlilia."

Nikacheka kidogo. Yeye hakucheka.

"Lakini wewe fikiria. Mkiweka hiyo kwa filamu, kila mtu hapa ataiona. Siku mama ataenda kweli, mimi nitalia aje? Nikilia hivyo, watasema Adhiambo ameanza acting yake. Nikinyamaza, watasema kwa kamera alilia vizuri zaidi."

Kisha akasema mteja amefika, akakata simu.

Nimekaa na maneno hayo siku nzima. Nilidhani nimemwibia dakika chache za uchungu, kumbe nilikuwa nimeshika kilio ambacho bado hajakihitaji, na siku atakapokihitaji hatakuwa na kingine.

Mpiga kamera amefuta nakala yake, nimesimama nyuma yake akifuta. Yangu bado ipo kwenye kompyuta hii ninayoandikia. Nimeitazama tena kabla ya kuanza kuandika, nikijiambia ni mara ya mwisho ili nijue ninachoacha. Mungu anisamehe, bado ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuongoza, na sikukiongoza. Kilipoisha, neno lile lile lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

Achieng atalilia upya hapa hapa Migori, ndani ya ukumbi, milango ikiwa imefungwa. Itaonekana kama jukwaa. Na iwe hivyo.

Kukipambazuka naenda Kisegi na kompyuta yangu. Nitapita kwanza kwa majirani wa Mama Risper, nyumba kwa nyumba, nieleze nimekuja kufanya nini. Kisha nitamfuata Adhiambo sokoni, nimpe mashine mkononi, afute yeye mwenyewe.

Akimaliza, sitasema kitu.