Moyo wa Kuazima

Jumatatu, 4 Mei
Kinyozi wangu bado kafunga saluni, kwa hiyo leo nimenyoa kifua changu mwenyewe. Amri ya hospitali! Wodi zimejaa wagonjwa wa korona, sisi wa moyo tutaangaliwa kwa mbali. Wameleta kidude cha kubandika kifuani. Moyo ukienda mbio, wao huko wanaona. Nesi kasema kwenye simu nisiwe na wasiwasi kabisa. Nikapata wasiwasi. Akapiga tena kuuliza kulikoni.

Jumatano, 6 Mei
Mechi mpya hakuna, wanarudia za zamani. Nikatazama fainali ambayo matokeo yake nayajua tangu sijaoa. Penalti — na simu ikalia. Nesi: mzee, umepatwa na nini? Nikamwambia kipa karukia upande mwingine. Hakucheka. Kasema nikiendelea hivi watatuma gari linichukue.

Siendi! Jirani wa juu alichukuliwa akitembea kwa miguu yake, hakurudi. Naogopa, basi.

Alhamisi, 7 Mei
Nimepata dawa yao. Mama watoto hashtuki na lolote. Juzi mafuta yalishika moto jikoni, akafunika sufuria, akaendelea kupiga soga na dada yake kwenye simu. Nikambembeleza akivae yeye kidude. "Una vituko wewe," kasema, lakini akakubali, mradi nimwache asikilize redio yake. Siku nzima simu kimya! Nimetazama fainali mpaka muda wa nyongeza. Raha iliyoje.

Jumamosi, 9 Mei
Simu. Si nesi, daktari mwenyewe. Mapigo yanaruka, kasema, na usiku moyo umesita mara kadhaa. Gari liko njiani. Nisipande ngazi, nisinyanyue kitu kizito. Nikageuka — mama watoto huyo anapanda ngazi na ndoo ya maji.

Nikamnyang'anya. Nikamwambia yote. Kacheka! Eti uchovu ni wa kufua, na kile kizunguzungu ni njaa tu. Kizunguzungu gani? Ndiyo kwanza nakisikia. Akakibandua kidude, akanibandika mimi. "Jina lako ndilo wanalo. Moyo wako huo, nenda nao." Nikambandika yeye. Akanirudishia. Na simu inalia tu, huko nadhani wanaona mtu anakufa na kufufuka.

Baadaye
Wamefika wawili, wamejifunika gubigubi, macho tu ndiyo yanaonekana. Nafasi ni ya mgonjwa mmoja, msindikizaji haruhusiwi. Wakauliza mgonjwa ni nani. Tukanyoosheana vidole.

Wametoka nje kumpigia daktari. Mama watoto ananikunjia nguo za kwenda nazo, huku ananisema kwamba soksi zangu zote hazina wenzao. Anakunja akiwa amekaa. Huwa hakai.