Kadi ya Kitisuru na Mashine Nambari Moja

Njoro,

Ninakuandikia saa ya chakula cha mchana, mlango wa ofisi ukiwa wazi, na kila kiatu kinachogonga sakafu huko nje kinanifanya nifunike karatasi kwa mkono. Chini ya meza yangu, ndani ya mfuko wa nailoni, kuna kipande cha kompyuta yako. Nitafika hapo. Nikianza na hicho nitashindwa kuendelea.

Mambo yamebadilika tangu tukuzike. Wanjiru ameacha kazi ya saluni, na sasa ndiye anayefungua chumba chetu cha gemu pale Dagoretti Corner kila asubuhi. Dada yako ana mdomo kuliko wewe. Kijana akijaribu kuiba dakika za bure humwambia, "Wewe, hii si harusi ya shangazi yako. Simama." Wanamwogopa na wanampenda. Lakini wamepungua, Njoro. Ng'ambo ya barabara kumefunguliwa chumba kingine chenye mashine mpya, na mashine yetu nambari moja, ile ya dirishani ambayo mpita njia huiona kwanza, iliunguza kadi yake ya picha muda mfupi baada ya wewe kwenda. Bila kadi inawaka, ndiyo, lakini wachezaji wanatembea uwanjani kama watu wanaovuka mto wenye matope. Vijana hukaa hapo mara moja tu. Halafu wanavuka barabara.

Juu ya hayo akaja Mzee Karanja, mwenye nyumba. Mkataba wa chumba ulikuwa kwa jina lako. Hakuketi hata. "Kijana," aliniambia, "mimi sipangishi marehemu. Mwisho wa mwezi nataka jina la mtu anayepumua, ama nimpe yule wa bucha anayekitaka chumba." Wanjiru akasema jina lake lipo na anapumua vizuri. Mzee akasema basi awe na mdhamini, mtu wa mshahara. Wote wawili wakanigeukia.

Nilisema nitafikiria. Unanijua. Kazi yangu hapa kwenye kampuni ya bima ni kusoma faili za watu waliodhani kwamba jambo fulani haliwezi kutokea. Mdhamini ni mtu anayelipa mwenzake akishindwa, na mimi nina mshahara mmoja na wazazi wanaoutegemea. Nikamwambia Wanjiru tutengeneze kwanza mashine nambari moja, tufanye yale mashindano uliyokuwa umeyatangaza, tuone kama vijana watarudi, ndipo niamue.

"Yaani unangoja kompyuta ikupe ruhusa?" alisema.

Ndivyo ilivyokuwa.

Sasa sikia habari za kadi, kwa maana sina mtu mwingine wa kumwambia ambaye hatapiga miayo. Nilipata mbili, zote za zamani kidogo, bei zao karibu sawa. Ya kwanza iko hapa mjini, ghorofani, katika lile jengo la maduka ya kompyuta ambalo tulikuwa tukilizunguka mchana bila kununua kitu. Boksi lake bado limefungwa. Nje pana picha ya mwanamke mwenye upanga, na 256, kipimo cha kumbukumbu yake, imeandikwa kubwa kama bango la kampeni. Ya pili ni ya kijana wa Kitisuru anayeitwa Jaspreet, ambaye amejinunulia mpya na kubandika tangazo la kuuza ile ya zamani katika supamaketi moja ya Westlands. Hiyo ina 128 tu. Haina boksi, haina karatasi yoyote.

Nilikaa saiba, kwenye intaneti, nikisoma hadi macho yakauma. Ile ya boksi ilitengenezwa baadaye, lakini ilitengenezwa iwe ya bei nafuu. Ni ghala kubwa lenye mlango wa kupita mtu mmoja mmoja. Ile ya Kitisuru ghala lake ni nusu, lakini mlango ni mpana na watumishi ni wengi. Siku zake, hiyo ndiyo waliyokuwa wakiililia wenye pesa. Katika gemu za magari, kila niliposoma, ilikuwa ikikimbia karibu mara mbili ya mwenzake. Nilikuwa nikisikia sauti yako: "Karani, usiniambie imebeba ngapi. Niambie inakimbiaje."

Lakini ile ya mjini ina waranti ya mwaka mzima na risiti yenye muhuri. Wewe ungecheka. Mimi nikiona muhuri moyo unatulia. Nilimwomba muuzaji aifungue tuijaribu, akasema, "Boss, ukifungua umenunua." Kwa hiyo moja ilikuwa na karatasi lakini sikuruhusiwa kuiona ikifanya kazi, na nyingine ningeiona kwa macho yangu lakini ikifa kesho sina wa kumlilia.

Jaspreet alikuja mwenyewe chumbani kwetu cha gemu alasiri, kadi akiwa ameitia ndani ya soksi ndefu ya hoki. Wanjiru akaitazama soksi. "Msijali," akasema kijana, "imefuliwa."

Njoro, laiti ungaliona. Aliichomeka, tukawasha gemu ya magari, na mvua ikawa inaangukia kioo cha gari tone kwa tone. Vijana wawili waliokuwa wakitoka wakasimama mlangoni. Mmoja akasema, "Wee, hata nyasi iko." Wanjiru alitabasamu, na ndipo nilipotambua kwamba sikuwa nimemwona akitabasamu tangu mazishi.

Kisha jirani yetu wa saluni akawasha kikausha nywele. Stima ikashuka kidogo, kama kawaida yake, na mashine nambari moja ikazima. Tukaiwasha. Ikazima tena. Chumba kizima kikacheka, na mmoja akasema, "Kadi ya babi, stima ya sisi." Hata Jaspreet, huyo babi mwenyewe wa mtaa wa matajiri, alicheka. Halafu akapiga magoti, akachungulia ndani na kutikisa kichwa.

"Kadi haina shida, bro. Ni pawa saplai, hiki kisanduku cha kuleta umeme. Hii yenu ni ya kompyuta ya ofisi. Kadi inakula sana, na hii haiwezi kuishibisha."

Kesho yake nilikwenda kusimama mbele ya kioo cha lile duka la mjini. Ile kadi ya boksi haili sana. Ingefanya kazi na pawa saplai tuliyo nayo, na mimi ningelala. Nilitoa pochi. Lakini nilijua pia kwamba mashine nambari moja ingekuwa kama zile nyingine tatu, si mbaya, si nzuri, na hakuna kijana anayevuka barabara kwa ajili ya hilo. Pawa saplai ya maana, ikiwa mpya, ingetugharimu kuliko kadi yenyewe. Na iliyotumika, nzito, ya kutegemewa, nilijua moja tu. Uliinunua kwa kuipima mkononi kama mama anayechagua kabichi sokoni, ukasema nyepesi ni bati tupu. Uliitia kwenye kompyuta yako mwenyewe, chumbani kwako, Waithaka.

Mama yako ameifunika kompyuta hiyo kwa vitambaa vya kufuma, kimoja juu ya skrini, kimoja juu ya kasha, kidogo juu ya kipanya. Hakuna anayeigusa. Nilikwenda huko, nikanywa chai vikombe viwili nikizungumzia hali ya hewa.

"Sema, mwanangu," aliniambia hatimaye. "Umekunja uso tangu uingie."

Nikasema. Nilieleza vibaya, nikichanganya stima na bucha na soksi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Unataka kuifungua."

"Ndiyo, Mama."

Aliinuka, akaondoa vitambaa kimoja kimoja, akavikunja na kuviweka kitandani. Nilipotoa ubavu wa kasha, vumbi lilikuwa limejaa humo ndani kama pamba ya mto. Akalitazama. "Mimi nimekuwa nikipanguza juu kila siku," akasema. Kisha akaniuliza, "Na bila hicho unachotoa, itawaka?"

"Haitawaka, Mama."

Aligeuka akavipapasa vile vitambaa kitandani. Nilikuwa nimeshaanza kurudisha skrubu mahali pake, Njoro, nakwambia kweli, nilikuwa tayari kuomba radhi na kukimbia.

"Haya," akasema. "Hata sasa haikuwa ikiwaka."

Meneja amerudi. Ninaacha hapa.

*

Jumapili.

Jana tumefanya mashindano yako. Nilimlipa Jaspreet kadi yake ya Kitisuru, nikaifunga pamoja na pawa saplai yako kwa mikono yangu mwenyewe, Wanjiru akinishikia tochi na kunikemea, "Karani, hiyo ni skrubu, si yai." Walikuja. Walijaa mpaka wengine wakasimama nje dirishani, na miongoni mwao niliona nyuso ambazo siku hizi huwa ng'ambo. Jaspreet alikuja na rafiki zake wawili wa Lavington, wakafungwa mabao mengi na vijana wa hapa, wakatukanwa kwa upendo.

Saluni iliwasha kikausha nywele. Nilishika ukuta. Mashine nambari moja haikuzima.

Ilipofika fainali, stima ilipotea mtaa mzima. Nilijua tumekwisha. Nilianza kupanga moyoni jinsi ya kurudisha ada za watu. Wanjiru akapanda kwenye kiti akasema, "Anayetaka pesa yake asimame." Hakuna aliyesimama. Walikaa pale pale mbele ya skrini nyeusi, wakibishana nani angeshinda, wakiigiza mabao kwa mikono, mpaka stima iliporudi na wakaanza upya kutoka sufuri.

Mzee Karanja alikuwa amejipenyeza akaegemea mlango. Baadaye alitoa mkataba mfukoni. Jina la Wanjiru lilikuwa limeshaandikwa. Nilianza kuandika kalamu ikiwa bado na kifuniko, akaniuliza, "Kijana, unaumwa?" Nikasema hapana. Nikatia sahihi chini, mahali pa mdhamini.

Sikulala vizuri. Nimehesabu yote yanayoweza kutokea. Kadi haina waranti na feni yake ina umri. Wale wa ng'ambo wanaweza kununua mashine bora zaidi mwezi ujao, na mwaka ujao hata nyasi na mvua zitakuwa mambo ya kizamani. Huenda nikalipa. Huenda nikalipa kwa muda mrefu. Najua vifungu vyote vya karatasi ile, na bado asubuhi hii nilikwenda kanisani nimevaa shati la jana kwa sababu sikukumbuka kubadilisha.

Siwezi kukuahidi kwamba chumba kitadumu, Njoro. Ningekuahidi hivyo ungejua nakudanganya. Ninachoahidi ni hiki: Wanjiru akikwama, na Mzee akaja kuniita, sitajificha nyuma ya kazi wala nyuma ya karatasi. Nitakuja nikiwa naogopa, lakini nitakuja.

Pumzika, rafiki yangu. Dada yako amenituma nikanunue soketi, na ameshaniita mara mbili.

Wako,
Karani